Toleo la Saa Saba

Sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sitajifanya hapa kwamba nilimpenda. Alishuka stendi ya Ifakara akitokea Dar na begi la magurudumu, akakataa kupanda boda, akaliburuta lile begi kwenye vumbi mpaka ofisini kwetu huku akiwanunia watu waliomsalimia njiani. Alipofika hakuuliza habari zetu. Aliuliza kiyoyozi kiko wapi. Tulikuwa na feni moja tu ya mezani, na ilikuwa upande wangu. Kesho yake nilipoingia kazini ilikuwa upande wake.

Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wetu wa mradi. Chini yake tulikuwa wawili tu: mimi, na mwenzangu mmoja wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Sisi wawili ndio tulioandika programu. Mkuu aliandika ripoti, na kwenye ripoti aliandika "nimeunda".

Programu yenyewe ilikuwa ndogo na yenye maana. Nyumbani kwetu ni Mbingu. Kule kuna mfereji unaochukua maji ya mto ushukao mlimani na kuyagawa kwenye majaruba ya mpunga. Masika hakuna anayegombana, maji yapo mpaka yanakera. Kiangazi ndipo watu wanapotoana macho. Kila kitalu kina zamu yake ya kufunguliwa mlango wa maji, na zamani zamu zilitangazwa kwa mdomo, yaani zilikuwa za mwenye mdomo mkubwa. Sisi tukaziweka kwenye simu. Ukifungua programu unaona kitalu chako, siku yako na wakati wako. Kwa kuwa mashambani mtandao ni wa kubahatisha, ratiba ilikaa ndani ya programu yenyewe. Ikibadilika tunatoa toleo jipya, watu wanarushiana simu kwa simu, na hadi jioni karibu kila mtu wa mfereji ule analo.

Sasa ukisharuhusu watu warushiane, lazima kuwe na njia ya kujua nani ana jipya na nani ana la zamani. Ndiyo kazi ya namba ya toleo. Hakuna kazi nyingine.

Mama yangu analima kitalu cha mwisho kabisa mferejini. Ukiwa wa mwisho unapata maji yaliyoibiwa, yaliyovuja, na yaliyonywewa na ng'ombe njiani. Wafadhili walikuwa na sababu zao za kutoa fedha, walizisema vizuri sana kwenye makaratasi. Mimi sababu yangu ya kuandika ile programu ilikuwa mama, na sioni aibu kusema hivyo.

Tukakaa kikao cha kuchagua namba. Nikapendekeza hesabu ya kawaida: toleo la kwanza liitwe moja, linalofuata mbili, linalofuata tatu. Kama tunataka kujidai, nikasema, tuweke namba tatu zenye nukta kama wafanyavyo wengine duniani. Ya kwanza ikipanda ujue programu imebadilika sana, ya pili ikipanda ujue kuna kitu kimeongezwa, ya tatu ikipanda ujue kuna tundu limezibwa. Mwenzangu yeye alitaka tuyape matoleo majina ya samaki wa Kilombero. Nikamuuliza mtu atajuaje kama kambale anakuja kabla ya kitoga au baada yake. Akacheka, akasema basi, yaishe. Ndivyo alivyo, hapendi ugomvi hata wa dakika moja.

Mkuu alikuwa anatusikiliza huku akipangusa miwani kwa tai.

"Moja, mbili, tatu?" akasema. "Hii ni ofisi au tunahesabu mbuzi?"

Yeye alitaka namba iwe ndefu. Mwaka, mwezi, siku, kisha saa. Vyote vishikane, bila nukta. Alisema mfadhili akiiona namba ile, pale pale anajua tumefanya kazi siku gani na mpaka saa ngapi. Nilimwelewa vizuri. Haikuwa namba ya mkulima ile, ilikuwa namba ya kumpigia saluti mtu wa mbali.

"Saa zipi?" nikamuuliza.

"Saa zipi vipi?"

"Kompyuta ikisema saa kumi asubuhi, wewe unasema saa nne. Tutaandika ipi?"

"Dada, saa ni saa. Sisi ni Watanzania, saa zetu tunazijua. Usituletee ubishi wa darasani."

"Si ubishi, bosi. Nauliza ili tuandike kitu kimoja."

"Asiyesikia la mkuu," akasema, akanyoosha kidole juu akingoja tumalizie. Hakuna aliyemalizia. Akacheka peke yake, akaandika kwenye ubao kwa kalamu nyekundu: mwaka, mwezi, siku, saa. Kikao kikaisha. Nilikuwa na hamu ya kumrushia ile kalamu.

Kwa muda hakukuwa na tatizo, na hilo ndilo lililonikera zaidi, maana kila wiki alikuwa ananiuliza, "Enhe, iko wapi ile hatari yako?" Hatari haikuonekana kwa sababu tulikuwa tunatoa toleo moja tu kwa siku. Siku zikitofautiana, saa haina kazi. Mwenzangu aliiacha kompyuta yake ijiandikie saa yenyewe, na kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Matoleo yaliyoundwa kwenye kompyuta ya mkuu aliyaandika kwa saa ya mkononi mwake, ile ambayo sote tunaamkia nayo. Ofisi moja, meza tatu, saa za aina mbili. Nililisema hilo zaidi ya mara moja, nikaambiwa nina gubu.

Halafu akaenda nasi Mbingu kufundisha wakulima. Tulikaa kwenye ofisi ya kijiji, watu wamejaa mpaka dirishani. Akasimama mbele na simu mkononi, akawaambia wakikuta simu mbili zinatofautiana ratiba, watazame namba ya chini ya kioo, tarakimu za mwisho mwisho kule. Ipi kubwa, hiyo ndiyo mpya, na hiyo ndiyo ya kufuata. Akawafanya warudie kama watoto wa shule.

"Namba kubwa?"

"Ndiyo sheria!"

"Sijasikia!"

"Ndiyo sheria!"

Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa msimamizi wa mfereji, mzee mfupi mwenye kofia ya pama, ambaye kazi yake ni kufungua na kufunga milango ya maji. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi pale mlangoni. Watu wakigombana, kila mmoja anatoa simu, zinawekwa pamoja, namba zinasomwa kwa sauti, mwenye kubwa anapewa maji. Hakuna rufaa. Niliposikia hivyo nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliona kazi yetu imeingia kwenye maisha ya watu.

Ijumaa moja ya kiangazi mwenzangu akatoa toleo saa nne asubuhi. Kompyuta yake ikaliandika kumi mwishoni. Mimi nina mazoea: toleo likitoka, cha kwanza naangalia kitalu cha mama. Upendeleo? Ndiyo, ni upendeleo. Siku hiyo nilichelewa kuangalia kwa sababu ya kazi nyingine, na nilipoangalia mchana kitalu cha mama hakikuwepo. Mwenzangu alinakili ratiba ikakatika mkiani, mstari wa mwisho ukadondoka. Jumamosi asubuhi, ambayo ilikuwa zamu ya mama, ilikuwa imehesabiwa kwa kitalu cha juu yake.

Nikaruka kwenye kiti. Ile wiki mpunga wa mama ulikuwa na mimba. Mkulima yeyote wa Mbingu atakwambia maana yake: suke liko ndani ya shina linajiandaa kutoka, na ukiunyima maji hapo, utatoka mtupu. Zamu ikipita, nyingine ilikuwa mpaka mzunguko uzunguke mfereji mzima. Nilimuonyesha mwenzangu, akashika kichwa kwa mikono miwili. Tukalirekebisha muda ule ule, halikuwa jambo gumu.

Lililokuwa gumu ni kwamba kila toleo lazima litiwe muhuri kabla halijatoka, na muhuri huo, ambao ni faili na nywila yake, mkuu aliuweka kwenye kompyuta yake yeye tu. Alisema ni usalama. Hata lile la asubuhi alilitia muhuri yeye, bila kutazama namba. Nilimkuta amesimama, begi lake la magurudumu liko mlangoni, funguo za gari la mradi kidoleni. Alikuwa anakwenda Morogoro kwa mapumziko ya wikiendi. Nikamweleza. Akafyonza, akaketi, akafungua kompyuta, akaniachia kiti nikaweka faili mahali pake ili toleo liundwe hapo hapo. Tukafika kwenye namba.

"Andika," akasema, huku akitazama saa yake. "Saa saba. Andika sifuri saba."

"Bosi, la asubuhi limekwenda na kumi."

"Kumi gani? Asubuhi ilikuwa saa nne."

"Kompyuta yake inaandika kumi. Tukiandika saba litakuwa dogo kuliko lile bovu. Simu zitalikataa."

"Basi aliyekosea ni yeye, si sisi. Utaratibu uko ubaoni pale. Saa saba ni saa saba."

"Tuandike kumi na tatu tu, kwa leo."

"Saa kumi na tatu?" Akamgeukia mwenzangu. "Wewe umewahi kuamka ukaenda kula saa kumi na tatu?"

Mwenzangu akatazama chini.

"Simu zitalikataa," nikarudia. Simu zote ziko hivyo: huwezi kuiwekea programu yenye namba ndogo juu ya ile yenye namba kubwa. Inakuona unataka kuirudisha nyuma, haikubali.

"Hebu lete simu yako," akasema. Akaniwekea toleo la saa saba kwenye simu yangu. Likaingia, maana lile la asubuhi nilikuwa nimelitazama kwenye kompyuta, kwenye simu sikuwa nimeliweka kabisa. Akanirudishia simu huku anatabasamu. "Umeona? Imekataa?"

Nilimweleza kwa nini haikukataa. Nilimweleza kwa sauti ya juu. Akaniambia yeye hana muda wa kufundishwa na mtu anayelipwa na yeye, njia ni mbaya na jua linakwenda. "Andika sifuri saba, bonyeza, tuondoke." Nikaandika. Nikabonyeza. Akafunga kompyuta, akaiweka kwenye begi pamoja na muhuri wake, gari likaondoka.

Hata harufu ya mafuta haikuwa imeisha uani, simu zikaanza kuita. "Dada, inagoma. Inasema iliyopo ni mpya zaidi." Mwingine naye hivyo hivyo. Mwingine tena. Nikampigia mkuu. Alipopokea, baada ya zaidi ya saa nzima, alikuwa amefika Kidatu, nasikia wauza ndizi wanagombania dirisha lake.

"Zinakataa," nikamwambia. "Geuka, au simama hapo hapo utoe jingine lenye namba kubwa. Ni dakika chache."

"Matoleo matatu siku moja? Wafadhili watatuona wababaishaji. Jumatatu."

"Zamu ya mama yangu ni kesho asubuhi!"

"Ahaa," akasema taratibu. "Kumbe ni mambo ya nyumbani." Akakata. Nilipopiga tena haikupatikana.

Naandika haya na bado nayasikia maneno yake. Mambo ya nyumbani! Mpunga anaokula yeye Dar unatoka nyumbani kwa nani?

Simu ya mama mchana kutwa ilikuwa dukani inachajiwa, kwa hiyo lile toleo bovu la asubuhi halikumfikia. Jioni alipoichukua nikamtumia la saa saba, likaingia bila shida. Nikampigia.

"Mama, ya kwako ndiyo sahihi. Kesho zamu ni yako. Ukibishiwa, onyesha simu."

"Na ile namba?"

"Iache kama ilivyo. Ratiba ndiyo hiyo."

"Haya mwanangu," akasema. "Nimeshanoa na jembe."

Jumamosi asubuhi simu ikaita, sauti ya mama iko juu, nyuma yake watu wanaongea kwa pamoja. Sikungoja amalize. Nikachukua boda mpaka Mbingu, njia nzima natukana kimoyomoyo, nafikiri hata dereva alisikia.

Msimamizi wa mfereji alikuwa amekaa ukingoni, miguu majini, kofia ameivua na kuigeuza, na ndani ya kofia amepanga simu tatu. Mama alikuwa amesimama mbele yake na jembe. Pembeni alikuwa jirani wa kitalu cha juu, mwanamke anayeimba kwaya moja na mama, na mlango wa maji ulikuwa wazi kuelekea kwake. Maji yalikuwa yanapita, nayaona.

"Shikamoo mzee," nikasema. Hata ukiwa na hasira ya kuua, mzee unamwamkia.

"Marahaba binti. Umekuja kuongeza kelele?"

"Nimekuja kusema zamu ni ya mama."

Akaziinua simu moja moja. "Hii kumi. Hii nayo kumi. Ya mama yako saba. Ninyi wenyewe mlitufundishaje?"

"Mzee, hiyo saba ni saa saba mchana. Hiyo kumi ni saa nne asubuhi. Kwa hiyo saba ndiyo iliyotoka baadaye."

Alinitazama. "Rudia."

Nikarudia.

"Saa nne imeanza lini kuwa kumi?"

"Ni hesabu ya kompyuta. Inaanza kuhesabu usiku wa manane."

"Na hiyo saba?"

"Hiyo ni saa yetu hii ya kawaida."

"Kwa hiyo ofisi moja ina saa mbili."

"Ndiyo, mzee."

Watu waliokuwa wamesimama kwenye tuta wakaangua kicheko. Jirani akapiga makofi mara moja, pa! "Kumi ni saa kumi," akasema. "Na saa kumi jioni inakuja baada ya saa saba mchana. Mbona hili hata halihitaji kompyuta?"

"Lakini mliipata jana asubuhi! Mngeipataje asubuhi kama ni ya saa kumi jioni?"

"Tutajuaje? Ninyi ndio wataalamu. Labda siku hizi mnaona mbele."

Kicheko kingine. Hapo mdomo ukanitoka. Nikamwita mwizi wa maji, nikamwambia Jumapili atasimamaje kuimba na mtu aliyemnyonga. Akaniambia nina bahati ya kuzaliwa na mama yangu, vinginevyo angenitia matope mdomoni. Mama naye akamwambia kitu kwa Kindamba ambacho sitakitafsiri. Nikashika gurudumu la mlango wa maji. Msimamizi akasimama, akaniwekea mkono kifuani, si kwa nguvu.

"Acha," akasema. Akainamisha kichwa, akanionyesha kovu juu ya sikio. "Unaona hapa? Nilimwonea mtu huruma, nikafungua nje ya zamu. Wenzake wakanipiga kwa mpini. Mlipoleta namba zenu nikamshukuru Mungu. Namba kubwa ndiyo sheria. Mimi sipigwi tena kwa ajili ya huruma."

Nikaachia gurudumu. Jirani hakufunga mlango, na hakulazimika kuufunga. Mama alichukua simu yake kutoka kwenye kofia, akaifuta kwa khanga, akaweka jembe begani. Njiani nilimweleza kila kitu: mkuu, saa mbili, muhuri, Kidatu. Nilimweleza jinsi nilivyobisha. Alitembea mbele yangu bila kugeuka. Tulipofika kwenye jaruba lake, udongo ulikuwa umeshaanza kufanya nyufa.

Jumatatu mkuu aliingia amenyoa vizuri. Akasema ni hitilafu ya kiufundi. Nikamwambia hitilafu ina jina na inavaa tai. Akaniandikia barua ya onyo, ninayo bado. Siku hiyo hiyo alitoa toleo jipya, sahihi kabisa, lenye namba kubwa kuliko zote, na simu zote zikalipokea kwa furaha. Maji ya mama yalikuwa yameshanywewa na mpunga wa mtu mwingine.

Nikataka turudi kwenye moja, mbili, tatu. Hatukuweza. Simu zikishaonja namba ndefu kama ile hazikubali tena kushuka kwenye moja, tumefungwa nayo mpaka kiama. Tukaiacha ilivyo, ila zile tarakimu mbili za mwisho tukaacha kuziita saa. Sasa zinahesabu matoleo ya siku hiyo: la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye ripoti mkuu aliandika kwamba amebuni utaratibu ulioboreshwa. Hata Shetani angeona haya.

Baada ya mavuno, mchana mmoja wa jua kali, mama alikuja Ifakara kwa basi la Mlimba. Hakuwa ameniambia. Tulimwona tu mlangoni na gunia kichwani, gunia limejaa lakini amelishikilia kwa mkono mmoja tu.

Mkuu alisimama haraka. "Shikamoo mama! Karibu, karibu."

Mama hakujibu. Sijawahi kuona mama yangu akiacha shikamoo ya mtu hewani, hata ya mlevi. Mkuu akabaki ameinama nusu, akijaribu kutabasamu.

"Shikamoo mama," mwenzangu akasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba baba," mama akamjibu. "Hujambo? Siku ile ulifika salama?"

Nikamgeukia mwenzangu. Ndipo nilipojua kwamba Jumapili ile, mimi nikiwa nimelala na hasira zangu, yeye alipanda pikipiki mpaka Mbingu, akapiga magoti kwa mama, akamwambia aliyedondosha mstari ni yeye. Hakuniambia. Hakumwambia mtu.

Mama aliteremsha gunia, akalifungua, akalimimina lote juu ya meza ya mkuu. "Nimewaletea mpunga," akasema. "Pikeni mle."

Yalikuwa mapepe matupu, maganda yasiyo na punje hata moja. Na feni ilikuwa upande ule. Yakapaa yote, yakaingia kwenye kompyuta yake, kwenye miwani, kwenye kola, yakatanda ofisi nzima. Mkuu akawa anapiga mikono hewani, anakohoa, anatafuta swichi. Nilicheka. Nakiri nilicheka kwa raha kabisa, nikaona leo amepatikana. Mama alikuwa ameshatoka.

Nilimkimbilia nje, nikamkuta anakunja gunia.

"Shikamoo mama."

Akaendelea kukunja.

"Mama, mimi nilibisha. Muulize yeyote aliye humo ndani. Nilimwambia namba haifai, nilimwambia simu zitakataa."

"Ulimwambia."

"Ndiyo!"

"Halafu nani akaandika?"

Nilikuwa na maneno mengi: muhuri ulikuwa wake, kompyuta ilikuwa yake, aliyekuwa akitoa amri ni yeye. Mama aliliweka gunia kwapani, akatazama jua, kisha akanitazama mimi.

"Saa ngapi saa hizi? Nisije nikakosa basi."

Nikatazama simu. Ilionyesha kumi na tatu na dakika zake.

"Saa saba, mama," nikasema, bila hata kufikiri.

"Kumbe unajua," akasema, akashika njia ya stendi. Shikamoo yangu hakuijibu.